Kidokozi: panya wa springi anayeuma na kupuliza

Raundi ya nne ya pambano, katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu. Mwendesha mchezo, anayesimulia na kuwachezea maadui, anatupa dadu ya nyuso 20 kwa mara ya thelathini jioni hii: nane, jumlisha tano, kumi na tatu, imekosa. Anaiokota, anaitupa tena. Anayeigiza mchawi ameshajenga mnara wa dadu sita na anatafuta ya saba. Jirani yake anasoma ujumbe, simu ikiwa chini ya meza. Katikati ya ramani wamebaki panya wanne wa shaba kati ya kumi na wawili, wana springi tumboni na meno ya msumeno, na hakuna mtu anayewaogopa, anayewachukia wala anayewacheka.

Watu wanangoja tu waishe.

Picha hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu wazo lenyewe ni zuri. Panya wa mtambo! Kila anayelisikia hutabasamu. Sasa kwa nini likifika mezani linasinzia?

Hesabu ya usingizi

Tuanze na namba, maana hazina aibu. Kiumbe chenyewe nakiita kidokozi, kwa udokozi wake. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano, la 2014, rasimu ya kawaida huwa hivi: ukubwa mdogo kabisa, kinga 13, uhai 3 (d4+1), mwendo futi 20 sakafuni na ukutani, mng'ato wa +5 wenye dhara 1. (d4 ni dadu ya nyuso nne, d20 ya ishirini; anayeshambulia hutupa d20, hujumlisha nyongeza yake, na akifikia kinga ya adui amepata.)

Wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, kila mmoja akishambulia kwa +5, hupata shabaha mara 65 katika kila mapigo 100. Upanga wa d8+3 hautoi chini ya 4, kwa hiyo kila pigo lililopata linaua. Ni vifo 2.6 kwa raundi. Vidokozi kumi na viwili vinaisha raundi ya tano. Kufikia hapo vyenyewe vimeng'ata mara 34 hivi, na dhidi ya kinga 16 ya wahusika nusu tu ya ming'ato hiyo imepata: dhara 17, zigawe kwa watu wanne.

Dadu hamsini na kitu ili kila mtu apate mikwaruzo minne.

Kinachochekesha ni jedwali la kupima ugumu. Kila kidokozi kina alama 10 za ujuzi; kumi na viwili ni 120; idadi kati ya 11 na 14 inazidishwa kwa tatu, tunapata 360. Kwa kikosi cha wanne wa ngazi ya kwanza, pambano gumu linaanzia 300 na la kuua linaanzia 400. Kitabu kinasema mmeponea chupuchupu. Meza inapiga miayo.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Hawa hata kuanza kuchimba hawakuanza.

Dawa inayojulikana ni kuwageuza bumba: kiumbe kimoja kilichoundwa na vingi, kama bumba la nyuki. Kundi la panya la 2014 ni kiolezo kizuri: uhai 24, mng'ato mmoja wa 2d6 unaoshuka kuwa d6 uhai ukifika nusu au chini yake. Kwa kidokozi punguza makali: bumba moja ni vidokozi kumi na viwili, kinga 13, uhai 22 (5d8), dhara 2d4 kisha d4, na silaha za kawaida zinaliumiza nusu. Dadu kumi na mbili zimekuwa moja. Mchezo unakwenda.

Ila sasa una adui mmoja wa ukubwa wa mtu. Unampiga, anakufa, unaendelea na safari. Usumbufu umekwenda wapi?

Hapo ndipo shaka iliponishika. Huenda mahali pabaya si ndani ya pambano. Huenda ni pambano lenyewe.

Kutu ya 1975

Mchezo huu unaye mharibifu maarufu tangu 1975: mla kutu, yule mdudu mwenye papasi zinazogeuza chuma kuwa kutu. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo, alimpata katika vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, akampa tabia. Katika kanuni za 2014 ana uhai 27 tu, lakini silaha ya chuma isiyo ya kichawi inayompiga inapoteza 1 ya dhara, moja kwa moja, na ikifika −5 inaharibika. Deraya akiigusa, nayo inaliwa hatua kwa hatua. Wapiganaji wasiokimbia zimwi humkimbia huyu.

Kwa hiyo rasimu ya pili inajiandika yenyewe: kidokozi kinakula vyuma.

Usiifuate.

Kwanza haina usawa. Deraya kamili ya bamba ni sarafu 1,500 za dhahabu. Mchawi mwenye kanzu hana cha kuliwa, anakaa pembeni anacheka. Pili, na hili ndilo zito, mla kutu anafaulu kwa sababu mnakutana naye mara moja katika safari nzima. Mharibifu wa ghalani ni wa kila usiku. Mpe kidokozi meno yale ya kudumu, na kufikia kikao cha tatu wachezaji wameacha hadithi na kuanza kulala juu ya mapanga yao, wakikuuliza kila baada ya dakika tano kama sanduku lina tundu.

Nilipofika hapa nilidhani wazo limekufa. Dhara dogo linachosha, dhara kubwa linaudhi. Katikati palionekana patupu.

Kuuma na kupuliza

Jibu lilikuwa kwenye msemo ambao sote tunautumia kwa watu wanafiki. Panya huuma huku akipuliza. Aliyelala hasikii kitu. Anagundua asubuhi, anapokanyaga chini.

Tatizo halikuwa kiasi cha dhara. Lilikuwa wakati wake.

Kanuni inayotokana na hapo ni hii. Kikosi kinapolala mahali penye vidokozi, tupa d6 moja kwa kila mhusika, kwa siri. Ikitoka 1, chagua kitu chake kimoja chenye skrubu, ribiti, bizimu au springi, kiandike kwenye daftari lako kuwa kimelegea, na unyamaze. Mara ya kwanza mwenyewe atakapotupa d20 kwa kukitumia na dadu ikaonyesha 1, 2 au 3, kitu kinaachia. Upanga unachomoka mpinini. Kifyatuo cha upinde kinadondoka. Mkoba wa mchawi unafunguka bizimu na vitu vyake vinatapakaa sakafuni. Kuokota ni kitendo kimoja cha zamu. Kutengeneza ni dakika 10 kwa vifaa, au dakika moja kwa ule uchawi mdogo wa kuunga vilivyovunjika. Deraya na ngao hazitupiwi dadu na mwenyewe, kwa hiyo geuza upande: dadu ya adui ikionyesha 18 hadi 20, mkanda unaachia, kinga inashuka kwa 2 hadi ufungwe.

Hakuna kinachopotea moja kwa moja ila vipande vidogo.

Kwa wahusika wanne, uwezekano kwamba usiku fulani kitu kitalegezwa ni asilimia 52. Kitu kilicholegea kina asilimia 15 ya kuachia kila kinapotumika, yaani kwa wastani matumizi kama saba. Maana yake pigo la kidokozi hutua kikao kimoja au viwili baadaye, katikati ya vita na adui mwingine kabisa, ambaye hata hamfahamu panya huyo.

Nilijaribu namba nyingine kwenye karatasi. Ukiachia kwa 1 peke yake, wastani ni matumizi ishirini: wachezaji wamesahau, nawe umesahau. Ukiachia kwa 1 hadi 5, kila pambano lina kitu kinachodondoka, na mezani mnahamia kwenye vichekesho vya kuteleza. Tatu inatosha.

Lakini kanuni hii ina sumu moja. Bila dalili, mchezaji ambaye upanga wake umechomoka atasema umemwonea, na atakuwa na haki. Dalili zitangulie, tatu kwa uchache, kabla kitu cha kwanza hakijaachia. Bawaba zinazolia ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu vidokozi hulamba mafuta: milango yote ya jengo inapiga kelele, na anayetaka kunyata anatupa dadu mbili na kuchukua ya chini. Ya pili ni mstari mwembamba wa vumbi la shaba unaofuata ukuta. Ya tatu ni ile tik-tik inayokatika unapotega sikio. Kidokozi kinajificha kwa +5. Mhusika mwenye umakini wa kawaida wa 13 anakigundua kikitoa 7 au chini, yaani mara 35 kwa 100. Hiyo ni nafasi nzuri: si siri isiyofumbulika, si parapanda.

Bata wa 1739

Likabaki swali ambalo mchezaji mmoja atalitoa tu, na kwa kawaida ni yule mkimya. Mtambo unakula ili iweje?

Jibu la haraka ni mchawi mwendawazimu aliyeuunda. Jibu hilo linafunga mlango. Wachezaji wanaitikia kwa kichwa na hakuna cha kufanya na habari hiyo.

Mwaka 1739 Jacques de Vaucanson alionyesha Ufaransa bata wa mtambo aliyemeza nafaka na baada ya kitambo akanya. Watu walistaajabu. Baadaye ikajulikana kwamba nafaka ilibaki ndani, na kinyesi kilikuwa kimewekwa tayari kwenye chumba chake. Kula kulikuwa maonyesho.

Kidokozi cha rasimu ya pili kilikuwa bata huyo. Kinameza vyuma kwa sababu nimesema kinameza.

Basi mtambo wa springi unakosa nini hasa? Haukosi chakula. Unakosa wa kuutia ufunguo.

Hapa kila kitu kiligeuka. Kidokozi kina mkia wa chuma wenye ndoano, na mkia huo ndio ufunguo wake. Kinaudumbukiza kwenye kitu chochote kinachozunguka, kinashikilia kwa miguu minne, na mzunguko unakijaza springi. Kwa hiyo kinaishi kwenye ekseli za mikokoteni, kapi za visima, magurudumu ya maji, mawe ya kusagia. Kinaiba mwendo. Mkokoteni wenye vidokozi vitano unakuwa mzito bila mzigo kuongezeka. Gurudumu la maji linazunguka polepole na hakuna anayejua sababu, mto ni uleule.

Wizi mwingine nao unapata maana. Mafuta ni ya gia zake. Skrubu na springi ni za kuunda kidokozi kingine, na springi ndiyo adimu: imo ndani ya makufuli, vifyatuo vya pinde na mitego ya mwizi wa kikosi. Mchezaji anayeyajua haya matatu anaweza kukisia kiota kiko wapi bila wewe kumwambia.

Dakika moja ya ukali

Springi inakupa na saa ya pambano, bure. Kila bumba lina d10 mezani, mbele ya wote, ikianza 10. Kila raundi ya kukimbia au kung'ata igeuze ishuke moja. Ikifika 4, mwendo unakuwa futi 10 na mng'ato unashuka kutoka +5 hadi +2. Ikiisha, vyote vinasimama pale vilipo, vimya.

Kulegea huku hakukubuniwa kwa ajili ya mchezo. Springi ya saa husukuma kwa nguvu ikiwa imejaa na hufifia inapoachia. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 15 walisawazisha hali hiyo kwa kipande chenye umbo la pia, kilichozungushiwa uzi na baadaye mnyororo. Kidokozi hakina kipande hicho. Kinaanza kwa fujo, kinamalizia kwa kusuasua.

Usiifiche d10. Kishawishi ni kikubwa, siri huonekana tamu, lakini wachezaji wakiiona ndipo wanapoanza kufikiri. Raundi kumi ni dakika moja. Je, tunaweza kushikilia mlango dakika moja? Mara nyingi hilo ndilo jaribio bora zaidi la jioni nzima, na halina hata pigo moja la upanga. Kidokozi kinachotambaa polepole gizani hutumia springi hiyohiyo kwa saa nane. Ni kukimbia ndiko kunakoimaliza.

Na kuna mtego hapa, usiutangaze. Ndani ya kidokozi kuna uzito unaobembea, kama wa saa zinazojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Mhusika akikiokota kilichosimama na kukitia mkobani, saa moja ya kutembea inakirudishia 5.

Hesabu ya usiku

Kosa langu kubwa kwenye karatasi lilikuwa hapa, nalo ni rahisi kulirudia. Kuzaliana ndiko kunakomfanya mharibifu awe mharibifu, hivyo unahitaji kanuni ya kukua. Niliweka hivi: kila usiku tupa d6 kwa kila kidokozi, kwa 5 au 6 kimepata springi, na kesho yake kuna kipya.

Inaonekana ndogo. Ni theluthi moja kwa usiku. Anza na vinne: baada ya usiku saba una thelathini. Kikosi kikienda safari ya wiki mbili, kinarudi na kukuta zaidi ya mia mbili, na mji hauna kufuli hata moja.

Acha 6 peke yake. Vinne vinakuwa kumi na viwili usiku wa saba, ambalo ni bumba moja kamili, na kama thelathini na tano usiku wa kumi na nne, ambayo ni karibu mabumba matatu. Bumba ni alama 50. Matatu ni 150, mara mbili kwa idadi yake, 300. Pambano gumu kwa wanne wa ngazi ya kwanza, na safari hii jedwali na meza vinakubaliana.

Kwenye daftari weka namba mbili tu, vidokozi na usiku. Vikipita ishirini acha kutupa, ongeza moja ya sita na uendelee.

Usiweke malkia

Kila mtu anataka malkia. Mtambo mkubwa kiotani, unaotema vitoto. Ukiuvunja, vingine vyote vinaanguka. Ninaelewa utamu wake na bado nasema usiweke, kwa kuwa unarudisha shida ile tuliyoikimbia: unampiga mmoja, umemaliza.

Kinachomaliza vidokozi ni kusimamisha mzunguko. Gurudumu la maji likifungwa usiku kucha, saa nane zikapita, kila kidokozi kisichopata pengine pa kujijaza kinasimama. Ni kazi nyepesi, haina damu, na mwenye gurudumu anakataa kabisa. Kuna unga ulioahidiwa, kuna wateja, na panya wenyewe hajawahi kuwaona. Sasa kikosi kina kitu cha kujadili. Wengine watamshawishi, wengine watalifunga usiku kwa kabari, na mmoja atapendekeza mtego: pia inayozunguka yenyewe ndani ya sanduku, na tone la mafuta. Huyo mpe. Mtego wa namna hiyo ukamate d4 kwa usiku.

Bumba litokee tu kiota kikivamiwa huku gurudumu likizunguka. Hapo d10 haishuki mpaka gurudumu lisimame, na wachezaji wakishaligundua hilo utawasikia wakipiga kelele wenyewe.

Jambo dogo la kiufundi, lisipite. Viumbe-mitambo kwa desturi havidhuriki kwa sumu wala havivutwi moyo kwa uchawi, na asiyeweza kuvutwa moyo hata uchawi wa kulaza usingizi haumpati, ambao ndio tegemeo la mchawi mchanga. Watu wawili mezani watajikuta hawana kazi. Lipa deni hilo. Konzi ya mchanga: kidokozi kimoja kitupe d20 ya wepesi dhidi ya 12, kikishindwa kinapoteza 3 za springi, bumba linapoteza 1. Baridi inagandisha mafuta na kupunguza mwendo kwa nusu kwa raundi moja. Uchawi wa mlipuko wa sauti hauhitaji nyongeza, maana kanuni za 2014 tayari zinavifanya viumbe vya mawe au chuma vitupe dadu mbili na kuchukua ya chini.

Ki- na a-

Utagundua kidokozi nimekiandika "kinakula", si "anakula", isipokuwa pale nilipokiita panya. Ni makusudi. Mwendesha mchezo anayesema "anakuja" amekipa kidokozi roho kabla ya wakati. Sema "kinakuja". Kiwe kitu, kama kijiko kinachotembea.

Halafu ngoja. Kila kikosi kina mtu atakayetaka kufuga kimoja. Atakitia ufunguo kila asubuhi kwa kidole, atakitafutia mafuta ya kandili, na siku moja, bila kujua, hatasema "kimeisha springi". Atasema "amechoka".

Mkubalie. Mwache akipe jina.

Usiku huo, watu wote wakishalala, tupa d6 kama kawaida.